Santuri Iliyopelekwa kwa Fundi

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mzungu aliyefundisha hesabu karibu na kwetu Githongo alimaliza mkataba wake. Kabla ya kuondoka alimletea baba santuri ya bendi ya roki ya kwao, akasema hana kitu anachokipenda kuliko hicho.

Jumapili, baada ya kanisa, baba aliiweka kwenye gramafoni. Tukasikia kitu kama mabati yakiburutwa, gitaa likikwaruza, mtu akipiga kelele, kisha kimya. Baba akasema sindano imeisha. Akanunua nyingine, mambo yakawa yale yale. Akabeba gramafoni, santuri hiyo na nyingine yetu ya kwaya mpaka kwa fundi wa Kinoru. Fundi akaifungua mashine, akaipangusa, akajaribu santuri yetu ya kwaya, ikaimba vizuri. Akasema mashine ni nzima, zawadi ndiyo mbovu.

"Kumbe aliniachia takataka zake," baba alisema. Mimi ile kelele niliipenda, lakini nani angeniuliza?

Miaka mitano baadaye, chuoni, mhadhiri wetu alitupigia santuri yenye jalada lile lile, akiishika kama yai. Mabati yakaburutwa, mtu akapiga kelele pale pale. Alisema watu huitafuta dunia nzima.

Likizo ilipofika nilimwambia baba kwamba haikuwa mbovu, ndivyo ilivyorekodiwa. Alikuwa akichambua kahawa. Aliendelea kidogo, halafu mikono ikasimama.

"Na aliniandikia barua tatu," akasema. "Sikujibu hata moja."