Fungu la Kumi la Mtendaji wa Kata

Hakuna sufuria ya Hedwiga iliyowahi kupotelea msibani. Katika mteremko ule wa Meru, juu kidogo ya Kikatiti, watu huazimana vyombo kila penye harusi na kila penye matanga. Matanga yakishaanuliwa, kila mama huondoka na sufuria bora kuliko aliyokuja nayo, isipokuwa aliyechelewa, ambaye huondoka na mfuniko. Hedwiga alikwisha kulitatua jambo hilo miaka ishirini iliyopita. Kila kilicho chake alikitia nukta ya rangi nyekundu ya kucha mahali pasipoonekana upesi: chini ya mpini, nyuma ya sahani, kisogoni mwa jembe. Majirani walimcheka, wakasema siku moja atawatia nukta wajukuu. Lakini shule ya msingi ya kijiji ilipopata fedha za kujenga madarasa mawili, na wazazi wakatakiwa wamchague mwenzao wa kutunza stoo ya vifaa, halikutajwa jina jingine.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mwenye kihamba cha kahawa na migomba alichoachiwa na mumewe. Ufunguo wa stoo aliutundika shingoni. Ufunguo wa pili ulikaa kwa Ofisa Mtendaji wa Kata, Bwana Rodrick, kwa mujibu wa utaratibu. Na kwa kuwa utaratibu wenyewe ulikuwa katika karatasi ambayo Rodrick peke yake aliiona, hapakuwa na wa kuupinga.

Mabati mia mbili yalipowasili, Hedwiga aliyahesabu moja moja, na kabla hajajua anafanya nini mkono ulikuwa umeshika kichupa cha rangi. Mazoea yana nguvu. Alipofika bati la mia mbili alikuwa amemaliza vichupa vitatu, na hapo ndipo akili ilipomrudia: haya hayakuwa mabati yake. Yalikuwa ya serikali, na ukutani mwa ofisi ya kata palibandikwa tangazo juu ya adhabu ya kuharibu mali ya umma. Akafunga stoo, akaufunga na mdomo.

Mwezi uliofuata binti yake Angel alijifungua huko Themi, mjini Arusha. Hedwiga akaenda kumkanda, akakaa siku nne. Aliporudi, kufuli lilikuwa palepale, zima, limefungwa kwa adabu. Ndani hapakuwa na bati hata moja.

Mkutano wa kijiji uliitishwa siku ya pili yake. Rodrick alikuwa na umri wa kifunguamimba wa Hedwiga, lakini tangu apewe ofisi alikwisha kuwazoeza wazee kumtangulia kwa salamu.

"Kufuli halikuvunjwa," aliuambia mkutano. "Aliyeingia, aliingia kwa ufunguo. Nani ana ufunguo?"

"Mimi na wewe," alijibu Hedwiga.

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka wanacheka mbele ya nani.

"Mama Angel, mimi ni serikali. Serikali haijiibii." Alisema hivyo bila kutabasamu. "Nakupa hadi Jumatatu ijayo. Ulete mabati, au uandike hati ya kukitoa kihamba kama fidia. La sivyo, polisi watakuhifadhi."

"Kihamba kina kaburi la mume wangu."

"Kaburi tutaliruka."

Ndivyo ilivyo kwetu: kalamu ikiiba, jembe ndilo linalolipa. Wiki nzima Hedwiga hakulala vizuri. Ile habari ya nukta ilimfika kooni mara kadhaa, akaimeza; mtu anayetuhumiwa wizi wa mabati ya serikali hawezi kujitetea kwa kukiri kwamba kabla ya kuibwa aliyapaka rangi ya kucha. Hayo yangekuwa makosa mawili.

Jumapili, siku moja kabla ya muhula wake kwisha, alikwenda kanisani na yai lake la sadaka, akakaa nyuma. Mzee wa kanisa Sifaeli alisimama kusoma matangazo, kwa sauti ileile anayonadia kuku.

"Familia ya Bwana Rodrick na Mama Esther imeleta fungu la kumi. Mabati ishirini, geji ishirini na nane, kwa ajili ya paa la jiko la usharika. Tuwapongeze kwa makofi matatu."

Hedwiga alipiga la kwanza, akapiga la pili. La tatu lilibaki hewani, mikono imeachana, kama mtu anayepima urefu wa samaki.

Ni lazima haki itendeke hata kwa Rodrick: alikuwa mwizi, lakini alikuwa mwizi aliyelelewa vizuri. Bibi yake alimfundisha, kwa fimbo ya mti wa kahawa, kwamba asiyetoa fungu la kumi ataliwa na nzige. Serikali aliidanganya bila kupepesa macho. Mungu hakuthubutu kumpunja. Naye mkewe Esther, mwanamke mnyofu aliyeambiwa kwamba mabati ni faida ya biashara ya vitunguu, hakuruhusu kitu kiingie nyumbani kabla hakijatengwa cha Bwana.

Ibada ilipokwisha, watu walikusanyika nje kwa mnada wa sadaka: mkungu wa ndizi, kuku wawili, mayai, gunia la mkaa. Mabati ishirini yaliegemezwa ukutani, yanang'aa. Hedwiga aliyapita kama mtu asiyeyajali, akainama kurekebisha kiatu, akainua pembe ya bati la kwanza kwa kidole. Kisha la pili. Kwa la tatu hakuhitaji tena kuinama.

"Bwana Mtendaji," aliita, "naomba nielimishwe kidogo."

Sifaeli aliyekuwa ameshika kuku miguu juu akanyamaza. Kuku naye akanyamaza.

"Sema, mama," alisema Rodrick, ambaye bado alikuwa akipokea pongezi.

"Fungu la kumi ni moja katika ngapi?"

"Katika kumi. Hilo hata watoto wa Sunday school wanalijua."

"Ahsante, baba. Na haya ni ishirini."

"Ni ishirini."

"Yale mia moja na themanini yako wapi?"

Kulipita kitambo cha hesabu. Unaweza kuisikia hesabu ya watu mia tatu wanaozidisha ishirini kwa kumi kimoyomoyo. Ni kama upepo kwenye migomba. Rodrick alikohoa.

"Mimi nilitoa kwa moyo tu, mama. Sikupima."

"Hukupima?" Esther aligeuka kumtazama, uso umejaa aibu ya mke anayeona mumewe akijipunguzia sifa. "Baba, usiseme uongo mahali hapa. Nilihesabu kwa mkono wangu. Yalikuwa mia mbili kamili, nikakwambia cha Bwana kitoke kwanza."

Hedwiga akalipindua bati moja mbele ya wote, akawaonyesha ile nukta nyekundu kwenye pembe. Hapakuwa na mama pale ambaye hakuijua. Nusu yao walikwisha kunyang'anywa sufuria kwa sababu ya nukta hiyo.

"Hiyo ni ya Hedwiga," alisema mmoja, kwa uchungu wa zamani.

Mabati mia moja na themanini yalikutwa huko Terrat, juu ya nyumba mpya ya Rodrick, na kila moja lilikuwa na nukta yake. Kwanza zilivuma habari kwamba atahamishiwa kata nyingine, kwa kuwa hiyo ndiyo adhabu tuliyoizoea: mwizi wa kwetu hapewi kifungo, hupewa majirani wapya. Safari hii kina mama wa usharika walikwenda wilayani arobaini na wawili, wakakaa kwenye korido ya ofisi na vyakula vyao, wakaeleza kwa upole kwamba hawana haraka. Siku ya tatu harufu ya loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, ilikuwa imefika chumba cha mkubwa. Rodrick akasimamishwa kazi, akachunguzwa, akafikishwa mahakamani, akafungwa miaka miwili na kutozwa faini. Esther alihudhuria kila kikao cha kesi na mwishoni aliuliza kama faini nayo hutolewa fungu la kumi.

Shule ikapata paa lake, lenye matundu ya misumari ya Terrat yaliyozibwa kwa lami. Hedwiga aliombwa arudi stoo. Alikubali kwa sharti moja, na ufunguo wa pili ukayeyushwa kwa fundi chuma wa Kikatiti, mbele ya mashahidi.

Mtendaji mpya, binti aitwaye Hanna, aliazimisha viti kumi na viwili vya ofisi kwa sherehe ya kufungua madarasa. Viliporudi alimwita Hedwiga, akakipindua kimoja.

"Shikamoo, mama. Nani ameweka rangi hapa? Hii ni mali ya umma."

"Marahaba, mwanangu." Hedwiga alikitazama kiti kwa makini, kama anayekiona kwa mara ya kwanza. "Ameweka mwenye mali."

Hanna alifikiri kidogo. Kisha akafungua droo, akatoa mashine ya kukusanyia ushuru wa soko, ule ambao kila mwezi hufika wilayani umepungua, akaisogeza mezani upande wa Hedwiga.

"Na hii je," aliuliza, "rangi itashika?"