Nguo za Mutoto Wangu Juu ya Mukeka

Nilikuwa natoka shamba na kapu la sombe, majani ya muhogo, kichwani, na karibu na nyumbani nikakutana na kikwembe cha mutoto wangu. Kilikuwa kiunoni mwa wifi yangu, dada ya mume wangu, kile cha kahawia chenye majani ya njano, na chini ya kwapa alikuwa amebana vingine. Hakujificha. Alinitazama usoni akasema, "Pole, wifi. Sasa moyo wako utapumuzika."

Nilidhani mume wangu amekufa. Nilitupa kapu palepale, nikakimbia. Kiwanjani wanawake walikuwa wamekaa chini, wanalia kile kilio cha kweli cha mikono juu ya kichwa. Mume wangu yule pale, muzima, juu ya kiti, ameinamisha uso. Nikauliza, "Ni nani amekufa?" Nikaingia chumbani. Kadena, ile kufuli ya kabati, ilikuwa chini, imevunjwa. Milango yote wazi, sintre za kutundikia nguo zinaning'inia tupu, na ndani hamna kitu, harufu ya naftalini tu. Ndipo nikaelewa kwamba wamemuzika binti yangu wakati mimi niko shambani, bila maiti, bila shimo, bila kuniuliza.

Musomaji asiye wa kwetu lazima aelezwe. Kwetu mwanamuke akikufa, shangazi yake anatoa nguo zake na kuzitandika juu ya mukeka kiwanjani, fungu kwa fungu: vikwembe peke yake, bulauzi peke yake, jipo, zile sketi, peke yake. Kila fungu linapata mwenyewe. Zikishagawanywa, kilio kimeisha. Watu wanakula, wanatawanyika, na marehemu haulizwi tena. Lakini nguo za mutu muzima, aliye hai, zinaanikwa juu ya kamba. Hata mutoto mudogo anajua.

Sisi ni watu wa Wamaza. Tulipokimbia bunduki kuja Kasongo, nilifika na kikwembe kimoja mwilini, nikifua usiku, ninavaa asubui hata kama hakijakauka. Binti yangu alikulia katika aibu hiyo. Alipojifunza kushona, kitu cha kwanza alichonunua hakikuwa kiatu wala simu. Alimwendea seremala akatengenezewa kabati la mbao za muvula, lenye milango miwili na kadena. Majirani wakacheka: nyumba ya nyasi, kabati la mukubwa wa serikali!

Alilipanga yeye mwenyewe. Juu, bulauzi za kazi. Kwenye sintre, nguo za kanisa. Chini kabisa, vikwembe ambavyo mukasi haujagusa, akisema ni vya siku ya ndoa. Mimi nilikatazwa kugusa. "Mama, acha," ananiambia, "wewe unakunja nguo kama unafunga muhogo wa chikwange kwenye majani." Namujibu, "Na hiyo chikwange ndiyo ilikukuza." Anacheka, anakunja upya kile nilichokunja, kona juu ya kona. Siku nyingine nilikunja vibaya makusudi, ili tu anisogeze kwa bega lake.

Sasa nitasema habari ya kaka mukubwa wa mume wangu. Jina lake siandiki, lakini Kasongo nzima inajua ni nani mwenye duka kule Salamabila. Alikuja hapa kwangu, akala bukari yangu, ugali wa mikono yangu, akaniambia, "Muke wetu, kule kwenye zahabu wake za wafanyabiashara wanashonesha nguo kila juma. Mutoto anaoza hapa. Nipe niende naye, pamoja na mashine yake. Mimi ni baba yake." Mume wangu akasema ndiyo, kwa sababu mume wangu hajapata kumwambia kaka yake hapana. Nilimufungia mutoto vitu vyake. Alichukua nguo chache tu, akasema zile nyingine zimungoje.

Bunduki zilipolia Salamabila, tulisikia kwa watu wa pikipiki. Namba ya simu ya mutoto ikawa inaita bila kupokelewa, halafu ikawa haiiti tena. Shemeji yangu alifika Kabambare, akafika na hapa, muzima, hana hata mukwaruzo. Mutoto hayuko. Kwa mume wangu alisema kwamba alimupandisha kwenye pikipiki nyingine iliyotangulia. Kwa dada yake alisema mutoto alikimbilia musituni pamoja na majirani. Kwa mimi, nilipomushika shati, alisema mutoto alirudi nyuma kuchukua mashine ya kushona, naye akaita, akaita, akachoka kuita.

Lakini mutu mumoja wa pikipiki aliyekimbia njia ileile siku ile ni mutu wa Wamaza kama sisi, na alinieleza alichokiona Kabambare: shemeji yangu anashuka, na nyuma yake, mahali pa kukaa mutu, imefungwa mashine ya kushona. Imefungwa vizuri, kwa kamba ya mupira. Mashine hiyo leo iko nyumbani kwake, hapa Kasongo alipohamia. Muke wake anashonea mapazia.

Hiyo ndiyo sababu mimi sikuamini neno lake, wala sikufanya kilio. Halafu mama mumoja muuza mafuta alipita akitoka huko ndani ya musitu, akasema aliona wasichana wanabebeshwa mizigo na watu wa bunduki, na mumoja wao alikuwa anavuta muguu wa kushoto. Binti yangu anavuta muguu wa kushoto tangu alipougua akiwa mudogo. Niliwaambia wote. Wifi yangu akasema, "Wifi, wanawake wangapi Congo hii wanachechemea?"

Basi nikawa napanga kabati. Kila juma nilifungua, nikatoa, nikapangusa vumbi, nikakunja upya, kona juu ya kona, kama yeye, ili akirudi asione mukono wangu. Jirani ananichungulia dirishani, "Unapangia nani, mama? Panya?" Namujibu, "Panya wa kwako wanavaa nini?" Nilicheka naye, ndiyo. Lakini wewe jaribu kukunja bulauzi ya mutoto wako na usijue kama mwili wake ungali unaweza kuijaza. Siku zingine nilikaa chini mbele ya milango ile miwili, nikashindwa hata kusimama kuwasha moto.

Mvua za mwaka huu zilileta ukungu. Nilikuta madoa ya kijani kwenye vikwembe vya chini, vile vya ndoa. Jua likatoka asubui moja, na kamba yangu ilikuwa imejaa mablanketi yaliyolowa usiku. Majani yalikuwa maji matupu. Nikatandika mukeka. Nikaweka vikwembe upande huu, bulauzi upande ule, jipo upande mwingine, nione zipi zimeshikwa na ukungu. Zile nguo za kanisa nikaziacha kwenye sintre, nikafunga kadena, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kikwembe changu. Nikakimbia shamba kuchuma mboga kabla jua halijawa kali.

Wifi yangu alipita. Aliona mukeka, akaona mafungu. Hakuuliza mutu. Alipiga yowe, akatuma watu wamwite kaka yake mukubwa, na huyo kaka akaja haraka, yeye ambaye nilipougua hakuja hata kunitazama. Mume wangu aliambiwa, "Muke wako amekubali mwenyewe, ametandika." Akanyamaza, kama kawaida yake.

Nilipotoka chumbani na ile kadena mukononi, wifi alikuwa amerudi na kikwembe kiunoni.

"Mutoto wangu hajakufa," nikasema.

"Wifi, nguo za mutu muzima hazilali juu ya mukeka. Wewe ni mutu muzima, unajua maana yake."

"Nilikuwa naanika!"

"Unaanika fungu kwa fungu? Nani anaanika hivyo?"

"Kama mukeka uliwadanganya, hii nayo?" Nikamuonyesha kadena. "Zile za kanisa zilikuwa ndani. Nani alivunja?"

Shemeji yangu alikohoa, akasema kwa sauti ile ya mutu anayesali, "Muke wetu, kilio kisichofanywa kinaleta magonjwa katika jamaa. Tumefanya kwa ajili ya wote. Kubali kunyolewa kichwa, kama mama aliyefiwa. Tule, tumalize."

Tumalize! Sasa mutu mwenye akili aniambie, nani katika kiwanja kile alikuwa na haja ya kumaliza? Kama mutoto amekufa, hakuna anayeuliza tena maneno matatu yasiyofanana. Kama mutoto amekufa, mashine ni mali ya jamaa.

Sikunyolewa. Walikula bila mimi. Tangu siku hiyo ninaitwa kichwa kibovu, na kanisani wanawake wananisogelea polepole, kama mutu anayesogelea mugonjwa. Wanataka niseme kosa ni langu, mimi niliyetandika mukeka. Sisemi. Waliomuchukua ni watu wa bunduki, na hao nawalaani kila asubui. Aliyevaa nguo zake ni shangazi yake. Aliyenyamaza ni baba yake, ninalala naye nyumba moja na sina neno la kumwambia. Lakini aliyemutoa kwangu, na akarudi bila yeye, ni mumoja, na huyo ndiye ninayemutaka.

Nilikwenda kwa chifu. Chifu akasema mambo ya jamaa yanakwisha katika jamaa. Haya. Basi jamaa ikae. Wakae wote walewale waliokula siku ile, na mutu wa pikipiki awepo, na yule mama wa mafuta awepo kama bado anapita. Wifi arudishe kila kikwembe, hata alichokwisha kukata. Na wewe, shemeji, baba mukubwa wa mutoto, usimame katikati, usikohoe, useme neno moja tu, si matatu: ulimushusha mutoto wangu mahali gani ili mashine ipande, na alikuambia nini ulipokuwa unamushusha? Jibu mimi. Mbele ya watu, jibu.