Kutoka Shirati Hadi Kisumu Kuomba Ukaazi wa Ndoa

Mwenzenu niliolewa Kenya miaka minne iliyopita, na miaka yote minne nimeingia nyumbani kwangu kwa muhuri wa mgeni. Ndoa tulifunga hapa hapa Shirati, kanisani, mkala wali wote, msijifanye hamkumbuki. Mume wangu Okoth ni fundi wa injini za mashua kule Dunga, Kisumu. Siku zangu kwenye pasipoti zikikaribia kwisha nafunga mzigo, narudi mpakani Sirari kugongewa muhuri, naanza upya. Mwaka huu nikasema basi, imetosha. Nakwenda kuomba ukaazi wa kudumu, nikae na mume wangu na mtoto wetu bila kuhesabu siku, na cherehani yangu nishonee watu bila kujificha. Najua wasichana watatu wa hapa wamechumbiwa ng'ambo ya mpaka. Haya nawaandikia ninyi, hatua kwa hatua, msije mkasema hamkuambiwa.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, Shirati. Nilimwacha binti yangu Achieng' kwa mama akiwa bado amelala. Kwenye mfuko wa plastiki nilikuwa na pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na picha ndogo sita. Mama akauliza kama karatasi zote nimeweka. Nikamwambia zote. Akasema, "Angalia tena," nami nikaangalia tena, maana mama yangu habishiwi asubuhi.

Saa tatu, mpakani. Upande wetu nilipita upesi. Upande wa Kenya kijana wa dirishani akaniuliza kwa Kijaluo safi nimefuata nini, nikamjibu, "Mume."

Akacheka. "Dada, mume si sababu ya safari. Andika kutembelea familia."

"Sitembelei. Ni kwangu."

"Basi kwa sasa kwako unatembelea," akasema, akagonga muhuri.

Hakuwa na ubaya, ila neno lile lilinichoma mpaka Migori.

Saa nane, Mbita. Ningeweza kwenda moja kwa moja Kisumu kwa barabara, lakini nilihitaji kwanza barua ya naibu chifu wa kwa wakwe zangu, Asembo, kuonyesha kwamba kweli ninaishi boma lile. Kwa hiyo nikapanda feri inayovuka kwenda Luanda Kotieno. Ndani kulikuwa na lori la kreti za soda, magunia ya omena, na mwanamke aliyekuwa akisuka ukili huku akimsema jirani yake vizuri sana, kitu baada ya kitu. Nilicheka naye njia nzima. Hakuna aliyeniuliza natoka nchi gani. Nikifungua mdomo Kijaluo changu ni chao, jina langu Adhiambo ni lao, hata ninavyofunga kitambaa ni vile vile. Ninyi mnaojua mpaka ulivyotukata katikati mnanielewa. Wazungu na Wahindi wakiolewa Kenya kila mtu anaona ni wageni na anawaelekeza ofisini. Sisi hakuna anayetuona.

Saa kumi na moja jioni, Asembo. Mama mkwe alinipokea mlangoni akiita, "Nyar Shirati! Nyar Shirati amekuja!" Kwa desturi ya kule mke haitwi jina lake. Huitwa binti wa mahali alikotoka, mpaka anazeeka. Mke wa shemeji yangu ni binti wa Alego, jirani ni binti wa Gem, mimi ni binti wa Shirati. Alikuwa amekaanga ngege wawili, ndio hao sato wetu, na mnavu uliotiwa maziwa. Nilikula mpaka nikaona haya. Mama mkwe ananipenda, hilo nataka mlijue kabla sijasimulia ya kesho yake.

Aliniambia, "Kesho tunaenda kwa naibu chifu. Maneno yako nimeshapanga yote. Wewe ni kuweka vidole tu."

Nikadhani kule barua hutiwa dole gumba. Nikamshukuru, nikalala.

Jumanne, saa tatu asubuhi, ofisi ya naibu chifu. Ni chumba kimoja cha mabati na benchi nje, na siku hiyo benchi lilikuwa limejaa watu wa kuombea watoto wao vipande, yaani vitambulisho vya uraia. Naibu chifu ni mama wa makamo, mpole, miwani puani. Nilimsalimu, nikamwambia nimekuja kuomba barua ya makazi ya kupeleka uhamiaji.

Akaniangalia juu ya miwani. "Uhamiaji ya nini? Fomu yako ya kipande si iko hapa? Mzee wa kijiji alileta wiki iliyopita. Nilikuwa nakungoja tu uweke vidole."

Akasukuma fomu mbele yangu, na kando yake kile kidude cha wino mweusi. Jina langu. Mahali pa kuzaliwa: Muhuru, Kenya. Jina la baba: Joram Odera.

Joram Odera ni mjomba wa mume wangu. Nimemwona mara mbili maishani.

Jamani, damu ilinichemka. Baba yangu Daniel Ouma mmemzika ninyi wenyewe, nyuma ya nyumba, pembeni ya mihogo yake. Alinisomesha kwa pamba na samaki. Siku ya posa alikuwa hawezi kusimama, akaomba abebwe na kiti akakae na wageni. Sasa karatasi inasema mimi ni wa Joram Odera.

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, hii ni nini?"

"Weka tu vidole, mwanangu," akanong'ona. "Ni kitu ya dakika moja. Joram amekubali. Wangapi wamefanya hivyo? Ukishapata kipande hakuna mtu atakuuliza tena mambo ya mpaka."

"Na baba yangu?"

"Baba yako anajua wewe ni wake."

"Siweki."

"Adhiambo." Hapo aliniita jina, kitu asichofanya kamwe. "Usiniaibishe mbele ya watu."

Sikupandisha sauti, maana ni mama mkwe na usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimelala kwake na kula kwake. Lakini mikono niliificha nyuma kama mtoto aliyekataa kupigwa sindano. Nikamwambia naibu chifu kwamba mimi ni Mtanzania, nimezaliwa Shirati, na fomu ile sikuijaza mimi.

Naibu chifu akavua miwani. Akamwuliza mama mkwe kwa upole, "Mama Okoth, huyu ni msichana wa Muhuru au si wa Muhuru?"

Kabla mama mkwe hajajibu, mwanamke mmoja kwenye benchi akaangua kicheko. "Aa, si huyu ni Nyar Shirati? Shirati ilihamia Muhuru lini?" Benchi zima likacheka. Mwingine akasema, "Hata juzi kwa matanga tulimwita hivyo mbele ya pasta!" Kijiji kizima kilikuwa kimeniita kwa mahali nilikozaliwa kila siku kwa miaka minne, kisha mama mkwe na Joram wakakaa chini kuandika kwamba sikuzaliwa huko. Hilo kosa lingeweza kufanyika Asembo tu, nawaambia. Mama mkwe alitazama sakafu, nami nilimwonea huruma hata katikati ya hasira yangu.

Naibu chifu hakucheka. Aliandika "imeondolewa" juu ya fomu, akatia sahihi na muhuri, akamrudishia mama mkwe, akamwambia kwamba fomu ile ingepita tungekuwa na kesi sote watatu, mama mkwe, Joram na mimi. Kisha akaniandikia barua yangu: kwamba mimi ni mke wa Okoth, raia wa Tanzania, ninaishi boma lile na ninajulikana.

Tukiwa njiani kurudi, mama mkwe alitembea mbele yangu. Kwenye mto mdogo akasimama. "Unakumbuka mke wa Ochieng', ile familia ya mwisho kule chini? Alitoka Tarime. Waligombana na mume, akachukua watoto akapita mpaka, hawajaonekana tena. Bibi yao anakaa tu. Mimi nilisema huyu wangu akiwa na kipande hatakuwa na mahali pa kurudi."

Kumbe hakuwa ananisaidia tu nibaki, alikuwa anafunga mlango.

"Mama," nikasema, "nikitaka kuondoka, kipande hakitanizuia. Nataka kukaa. Ndiyo maana nakwenda kuomba."

"Na wakikataa?"

"Nitaomba tena."

Akashusha pumzi. "Basi mimi nitakwenda na wewe. Mimi ndiye niliharibu."

Jumatano mchana, Kisumu. Okoth alitupokea Kondele, anakopanga chumba. Aliposikia habari aliweka glasi ya chai chini na kumwambia mama yake, "Mama, ungetutia jela mimi na yeye pamoja." Alitembea mpaka dukani, akarudi na mkate, akamkatia mama yake kipande cha kwanza. Jioni tukaenda saiba, duka la kompyuta lililo karibu na stendi, tukaskani karatasi zote na kujaza ombi. Binti wa saiba akauliza kwa nini tusimtafute mtu wa kutuharakishia. Nikamwambia mtu wa kuniharakishia nimeshampata, nikamwonyesha mama mkwe, naye akatutazama bila kujua kwa nini tunacheka.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, ofisi ya uhamiaji. Hapa wasichana fungueni masikio. Ofisa, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, alitueleza njia ziko tatu. Ukiwa umeolewa karibuni, mume wako raia anakuombea pasi ya mtegemezi. Unakaa kwa jina lake, unaihuisha kila ikiisha, na kazi ya kuajiriwa huruhusiwi kwa pasi hiyo pekee. Ndoa ikifika miaka mitatu unaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na hapo unakaa na kufanya kazi ukiwa bado Mtanzania. Ikifika saba na zaidi unaweza kuomba uraia wenyewe ukitaka. Kuolewa nje ya Kenya si kosa, cheti chetu cha kanisa la Shirati alikipokea, ila lazima kiwe halisi na mnachosema kiendane nacho.

"Nyinyi mna minne," akasema. "Mko njia ya pili."

Kisha akatutenganisha na kutuuliza maswali kila mmoja peke yake. Mimi aliniuliza Okoth hulala upande gani wa kitanda. Okoth aliulizwa rangi ya mapazia ya nyumbani Asembo, akasema hajui, mwanamume akiingia nyumbani haangalii dirisha. Mapazia niliyashona mwenyewe! Ofisa aliandika kitu akitabasamu, nami nikaapa kwamba huyo mume tutaongea.

Tulipoitwa tena pamoja, ofisa akauliza kama nimewahi kuomba kitambulisho cha Kenya. Okoth akanitazama. Ningeweza kusema hapana, na ni kweli sikuomba. Lakini fomu ipo, na jina langu lipo juu yake.

Mama mkwe akasimama kabla yangu. Akafungua mkoba, akatoa ile fomu yenye muhuri, akaiweka mezani. "Bwana mkubwa, hii ni mimi niliandikisha. Yeye hakujua. Mimi nilimwekea baba mwingine. Alikataa kuweka vidole mbele ya watu, na mimi nilikasirika. Kama kuna makosa, andika jina yangu."

Nikamshika mkono. Ofisa akasoma fomu, kisha akasoma barua ya naibu chifu.

"Mama, keti," akasema. "Hii nitaweka ndani ya faili pamoja na barua. Ni afadhali nimeipata kwako kuliko kuipata baadaye mwenyewe." Kisha akanigeukia na kuanza kusoma ombi langu kwa sauti, mstari kwa mstari, nithibitishe. "Adhiambo. Amezaliwa Shirati, Tanzania. Baba, marehemu Daniel Ouma, mkulima na mvuvi, wa Shirati. Ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema, na machozi yakanitoka, sikuyazuia.

Akaniongezea siku za kukaa na kunipa karatasi ya kuonyesha ombi limepokelewa. Jibu hutoka Nairobi, na halitoki kesho. Atakayewaambia linatoka kesho anataka kuwala hela. Nje, mama mkwe alinunua ndizi mbivu sokoni Kibuye, akaniwekea mfukoni za Achieng'.

Ijumaa, saa kumi jioni, Shirati. Nilirudi kwa barabara, kupitia Kisii, kumchukua mtoto na cherehani. Niliyojifunza nawapa bure: hesabuni miaka ya ndoa kabla hamjaenda, bebeni karatasi halisi, na mtu yeyote, hata anayewapenda, asiwajazie mahali mlikozaliwa. Karatasi ya uongo haikuingizi katika nchi, inakutoa kwenu.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuniuliza kama wamenikubalia. Aliniuliza waliniuliza nini. Nikamsimulia yote, mpaka pale ofisa alipoanza kusoma ombi.

Akaacha mchele. "Alimsoma baba yako?"

"Alimsoma, mama. Kwa sauti. Serikali ya Kenya imeandika Daniel Ouma, mkulima na mvuvi, wa Shirati."

Akatazama nyuma ya nyumba, kwenye mihogo ya baba.

"Hebu rudia," akasema.