Kidonge cha Mtoto wa Redioni

Juzi, kwenye zahanati moja hapa Kibondo, mama aliyekuwa akitetemeka kwa homa alikataa kupokea kidonge cha klorokwini, ile dawa ya malaria iliyo chungu kama shubiri. Alikuwa amekitambua kicheko cha mganga. Kumbe ndiye aliyeigiza yule mtoto mtundu wa mchezo wa redio, aliyekuwa akimtilia baba yake sabuni kwenye uji na kuapa kuwa ni maziwa.

"Haki ya Mungu, mama, hii ni dawa!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa akimwapia baba yake.

"Mwana wanje, mwanangu, anza wewe," mama akasema.

Mganga akatafuna kimoja taratibu, akitabasamu. Mama akaridhika, akameza chake.

Wanasema aliacha kuigiza zamani. Mtu anayetafuna klorokwini huku akitabasamu? Thubutu!