Kugeli ya Maziwa Siku ya Nyama

Bibi niliyekuwa namtunza alitaka kugeli ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi ipikwe nyumbani kwake, isinunuliwe. Ni tambi pana, huchemshwa, zikachanganywa na mayai, sukari, mdalasini na zabibu kavu, kisha zikaokwa mpaka juu ziwe ngumu kidogo. Kwetu Tanga tambi za sukari tulizila siku ya Idi, zimepikwa kwa tui na hiliki. Nilipomwambia, alisema hiyo ni kugeli iliyopotea njia.

Binti yake, anayekaa mji wa jirani, Richmond Hill, alikuwa ameshaniambia kwenye simu kwamba mama yake akisahau jambo jingine kubwa, atahamishiwa makao ya wazee. Tayari alishaacha jiko likiwaka. Bibi alijua hilo. Alitaka sikukuu ipite bila kosa hata moja.

Mimi sikuwa na maoni juu ya kuhama kwake. Nimekaa Arusha, Maskati, kisha katika nchi hii ya baridi, chumba cha chini ya nyumba ya watu Brampton, na kila nilipofika nilianza kuwaza pa kuondokea. Kwa bibi huyu nilikuwa nimekaa muda mrefu kuliko kawaida yangu, na sikujua kama nilipapenda.

Kwa sheria ya dini yake, katika jiko lile nyama na maziwa havikukutana, wala havikuliwa mlo mmoja. Vyombo vya nyama vilikuwa na alama ya rangi nyekundu, vya maziwa alama ya buluu, kila kundi na kabati lake. Chakula cha usiku huo kilikuwa nyama ya ng'ombe, binti angekuja nayo imeshaiva. Kwa hiyo kugeli ilitakiwa iwe ya mafuta tu, bila siagi wala jibini.

Bibi alikaa kwenye kiti chake karibu na meza, akaniamuru.

"Sasa jibini. Na siagi, usiwe bahili."

Nilisimama na kijiko mkononi. "Bibi, si leo kuna nyama?"

"Wewe ndiye utanifundisha dini yangu? Toa sinia la buluu. Na ukoroge vizuri, unakoroga kama mtu anayetafuta pete yake."

Nilikoroga. Ningeweza kumuuliza tena. Nilitia jibini, nikatia siagi, nikaingiza sinia kwenye oveni, nikaosha bakuli.

Binti alikuja jioni, akaweka nyama mezani, akafuata harufu jikoni. Alifungua oveni. Aliona alama ya buluu kwenye mpini wa sinia, akainama kunusa.

"Hii ina maziwa," alisema. "Mama?"

Bibi aliniangalia mimi, si binti yake. Nikaona jinsi uso wake unavyotafuta siku iliyompotea.

"Ni mimi," nikasema. "Nimechanganya vyombo. Bado sijazoea mambo yenu."

"Umezoea. Miaka yote hii hujawahi kukosea."

"Leo nimekosea, dada."

Binti alishusha pumzi. Nilidhani yamekwisha. Nilichukua kitambaa nitoe sinia.

"Mwache," Bibi akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia. Aliniuliza kuhusu nyama, nikamgombeza."

Oveni ilikuwa bado wazi, joto likinipiga miguuni.

"Tutazungumza baada ya sikukuu, Mama."

"Zungumza sasa. Huko unakotaka kunipeleka, watu wana jiko?"

"Wanapikiwa."

"Na hao wapishi, ukiwauliza kitu wanakujibu?"

"Sijui. Sikuuliza."

"Uulize," akasema, akaomba nimsaidie kusimama. Hakubisha tena kuhusu kuhama. Tulikwenda mezani, nikakata nyama vipande vidogo kwa ajili ya meno yake. Walisoma dua zao juu ya mkate na asali. Nilingoja nihuzunike kwa ajili yake, huzuni haikuja, nikaendelea kupanga sahani.

Asubuhi, saa za kungoja baada ya nyama zikiwa zimepita, tulikula kugeli tukiwa wawili, baridi, moja kwa moja kutoka kwenye sinia. Bibi alikula vipande viwili. Alisema chumvi haikukolea na kwamba ukoko wake ni mzuri. Kisha akaniuliza nitakwenda wapi akishahama.

"Pickering labda," nikasema. "Kuna watu wa kwetu."

"Na utapika nini huko?"

Nikamwambia sijui. Akanisogezea kipande cha pembeni, chenye ukoko mwingi, akaniambia nile kabla hajabadili mawazo.