Bahasha ya Mkunga

Baba mkwe wangu, karani mstaafu, huiba mbegu za maua kila asubuhi na shughuli hiyo anaiita mazoezi. Maganda yakikauka huyapukuchua, akatia mbegu kwenye bahasha, na bahasha kwenye kopo lenye majivu ya kunyonya unyevu. Jina la ua halimhusu. Juu ya bahasha huandika alikochuma, kama faili la ofisini.

Juzi jirani yetu mkunga alikuja kanuna. Mafundi wa ukuta walikuwa wameng'oa kichaka chake cha maua mekundu, alichopandiwa na marehemu mama yake.

"Mzee, huna hata mbegu moja ya aina ile?"

Alikuwa nazo tele. Akalitazama kopo, akautazama mlango, akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Mwishowe huruma ikaishinda aibu, akatoa bahasha.

Mkunga akasoma kwa sauti: "Kwa mkunga, akiwa zamu."

Nikasubiri matusi. Akaipapasa bahasha, machozi yakimlengalenga.

"Kumbe ni wewe uliyebomoa uzio wangu wa nyuma?"

"Kidogo tu, mwanangu."

"Basi utakuja kunipandia mwenyewe. Na safari hii, baba, pitia getini."