Dadu za Asubuhi ya Mtihani

Enzi zetu sisi wa Mbozi, ulezi ukianza kukomaa, madarasa yalibaki nusu tupu. Watoto tulishinda dunguni, kwenye kichanja cha shambani, na makopo, tukiwapigia ndege kelele tangu umande haujakauka mpaka sauti inakatika. Vijana wa leo wakitumwa dukani tu wanauliza kama kuna bodaboda.

Kwetu walinzi tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu Jairo, wote darasa la nne. Kila siku mama alihitaji mmoja shambani. Baba, aliyekuwa akichimba dhahabu Saza, alikuja likizo na dadu mbili za mfupa, na mama akazifanya hakimu wetu. Jairo, kwa kuwa ni mwanamume, alichagua kwanza: jumla ikiwa shufwa, anaenda shule. Mimi nikabakiwa na sita: ikitokea kwenye dadu yoyote, naenda. Yakitokea yote mawili, twende wote, mama atalinda mwenyewe. Lisipotokea hata moja, wote shambani.

Jairo alipenda hesabu kuliko ugali. Alichora mavumbini namna zote thelathini na sita ambazo dadu mbili zinaweza kulala.

"Wewe una kumi na moja, mimi kumi na nane. Ishirini na tisa! Mdogo wangu, kukosa wote itakuwa nadra."

Wapi! Sita na mbili alinihesabia mimi, kisha akajihesabia na yeye. Za namna hiyo zilikuwa tano: sita na mbili, sita na nne, kila moja kwa kugeuza pia, na sita kwa sita. Ukizipunguza mara moja, zinabaki ishirini na nne. Ndiyo maana tulikutana dunguni mara nyingi kuliko alivyoahidi, naye akasingizia mkono wa mama.

Asubuhi ya mtihani wa kwenda shule ya kati, tuliziomba hizo tano tu. Mama akarusha. Ya kwanza ikatulia kwenye sita. Nikaruka kwa furaha. Ya pili ikazunguka, ikazunguka, ikalala kwenye tatu.

"Mama, hii moja irushwe tena," Jairo alisema.

"Hapana, mwanangu. Mwenzako ningemkatalia. Chukua kopo."

Nilifurahi, sifichi. Nilipofika bondeni nikasikia kopo lake likilia kule juu, roho ikaniuma. Mtihani haukurudiwa. Mimi nikawa mwalimu wa hesabu, yeye akabaki kulima kahawa.

Juzi, uzeeni huku, nilimpigia upya ile hesabu yake.

"Kwa hiyo hata ukizipunguza hizo tano, bado mimi ndiye niliyekuwa na nafasi kubwa kuliko wewe?"

"Ndiyo, kaka."

Akacheka kidogo, akaangalia pembeni.

Siku hizi watoto wote wanakwenda shule, na ulezi tunanunua Tunduma kwa kilo. Wakiambiwa hakuna masomo wanashangilia. Kaka yangu ni mpole, hagombi na mtu. Ila akimkuta mjukuu ametoroka shule, humshika mkono na kumfikisha mpaka kwenye dawati, kisha husimama dirishani hadi mwalimu aanze kufundisha.